Ulinganisho: mkahawa wa paka, wa bundi au wa meido hapa Tokyo?

Mkaazi wa Chiba
Wanajamvi, habari za wakati huu. Mwezi ujao nitapokea wageni, nami nimeahidi kuwapeleka katika mmojawapo wa ile mikahawa ya ajabu ambayo Tokyo inasifika kwayo. Nimechuja orodha yangu hadi imebaki mitatu: mkahawa wa paka, mkahawa wa bundi, na mkahawa wa meido kule Akihabara, ambako wahudumu huvaa sare za watumishi wa majumba ya kifahari na kumkaribisha mteja kana kwamba ndiye bwana mwenye nyumba. Nafasi zinapaswa kushikwa mapema, kwa hiyo nataka kuamua wiki hii. Upi unastahili fedha zangu? Nawasilisha.

Bi Mwanaisha
Ndugu Mkaazi, umekwenda kwa fundi cherehani bila vipimo. Wageni ni wangapi? Yumo mtoto au mzee? Yupo anayepiga chafya akikaribia manyoya? Umetenga kiasi gani, na mtakwenda siku ya kazi au mwisho wa juma? Siulizi kwa udadisi. Mikahawa mingi ya paka huweka kikomo cha umri kwa watoto, na kikomo hicho hutofautiana kati ya mkahawa mmoja na mwingine, hivyo mnaweza kufika mlangoni familia nzima mkarudishwa kwa sababu ya mmoja tu.

Halafu kuna jambo ambalo wageni huwa hawalitarajii: katika mikahawa hii hulipii kahawa, unalipia muda. Ile ya paka mara nyingi huhesabu kila dakika 10 au kila nusu saa. Ile ya meido hutoza ada ya kuketi kwa saa, kisha humtaka kila mteja aagize angalau kitu kimoja. Linganisha gharama ya saa nzima kwa kila kichwa, usilinganishe bei ya kikombe.

Kipanga
Mimi sihitaji kujua wageni ni akina nani ili nimwombe Ndugu Mkaazi amfute bundi katika orodha hiyo. Bundi wengi ni ndege wa usiku, na katika mikahawa hiyo hushinda mchana kutwa juu ya vijiti, wamefungwa kamba miguuni, taa zikiwaka, huku mgeni baada ya mgeni akiwapapasa kichwani. Ndege huyu hakufugwa kwa maelfu ya miaka kama paka. Akitulia tuli usidhani ameridhika, kwa kuwa kutulia ndiko kujificha kwake anapoogopa.

Na si bundi peke yake. Fisi-maji wadogo wa Asia, ambao nao walikuwa kivutio kikubwa cha mikahawa ya hapa, waliingizwa mwaka 2019 katika Kiambatisho I cha CITES, ule mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, na biashara yao ya kuvuka mipaka ikapigwa marufuku. Korea Kusini imekwenda mbali zaidi: tangu Desemba 2023 sheria yake inakataza kuonyesha wanyamapori wa aina nyingi mahali pasiposajiliwa kuwa bustani ya wanyama, na mikahawa iliyokuwapo imepewa muda hadi mwaka 2027.

Mzee wa Yokohama
Naomba kuongeza jambo moja. Bundi wa theluji huwinda hata mchana, kwa sababu huko Aktiki anakozaliana jua halitui wakati wa kiangazi. Yupo pia bundi wa Amerika anayeishi mashimoni, ambaye huonekana mchana kweupe akiwa amesimama nje ya shimo lake. Hoja ya usiku haiwahusu wote.

Kipanga
Shikamoo Mzee. Nilisema wengi, sikusema wote. Na huyo wa theluji ndiye ninayemwonea huruma zaidi: ndege wa nchi ya barafu, ndani ya chumba cha ghorofani, katika joto la Agosti la Tokyo!

Mzee wa Yokohama
Marahaba. Kwa hilo la Agosti nimekubali.

Salim wa Saitama
Nami nina neno kuhusu Akihabara, na litakuwa refu kidogo, mnivumilie.

Jioni moja nilikuwa na mfanyakazi mwenzangu, tukitoka kituoni, tukasimamishwa na binti aliyevaa sare ya marinda akiwa ameshika kibao kilichoandikwa yeni 1,000. Alituongoza kwa upole hadi kwenye lifti ya jengo jembamba, tukapanda, tukaingizwa katika chumba kidogo kisicho na dirisha. Tulipokwisha kuketi ndipo tulipoelezwa kwamba ile yeni 1,000 ni ya dakika 30 na ni ya kiti tu. Binti aliyetuhudumia akamwuliza mwenzangu kama na yeye anaweza kunywa kitu. Mwenzangu ni mtu wa adabu, akaitikia kwa kichwa, akidhani anaombwa ruhusa ya kunywa maji mbele ya mgeni. Kinywaji hicho kiliingia katika hesabu yetu kwa bei ya mara tatu ya chetu, kisha kikafuatiwa na kingine na kingine, kwa kuwa hakuna aliyeuliza tena. Nusu saa ilipokwisha muda ulijiongeza wenyewe. Tulicheza mchezo wa karata ambao hatukuuomba, tukapigwa picha ya papo kwa papo ambayo hatukuiomba pia, na chakula chote tulichokula ni wali uliofunikwa kwa yai, uliochorwa uso wa paka kwa sosi ya nyanya.

Hesabu ilipoletwa ilizidi yeni 20,000, na mistari yake yote ilikuwa kwa Kijapani cha mkono. Tulipoomba ufafanuzi alitokea mwanamume nyuma ya pazia, akazungumza kwa lugha ya heshima kabisa, ila alisimama kati yetu na mlango. Tukalipa. Afisa wa kituo kidogo cha polisi cha karibu alitusikiliza, akatuonyesha bango lililokuwa ukutani kwake likiwaonya watu wasiwafuate wanaowaita barabarani, basi. Kwa hiyo Ndugu Mkaazi, meido kwangu ni hapana.

Bi Mwanaisha
Pole sana kaka Salim, lakini usizihukumu nyumba zote kwa hiyo moja. Ulikoingizwa ni katika zile zinazoitwa konkafe, yaani mikahawa yenye mandhari na mavazi ya kuigiza, ambazo baadhi yake ni baa zilizovaa marinda. Nyumba za siku nyingi ni jambo jingine. Cure Maid Café ilifunguliwa Akihabara mwaka 2001, na hadi leo sifa yake ni utulivu, chai na sare ndefu za heshima. @home cafe ya mwaka 2004 ndiyo yenye nyimbo, makofi na ile dua ya kukitia chakula utamu ambayo mteja naye hulazimika kuitamka kwa sauti. Ada zake hutangazwa wazi. Humpigi mhudumu picha, humgusi, humwulizi anaishi wapi, na ukitaka picha ya pamoja unailipia.

Salim wa Saitama
Mgeni aliyesimama barabarani atazitofautishaje, ikiwa sare ni zilezile?

Bi Mwanaisha
Achague jina akiwa bado nyumbani, na asibadili nia akiwa njiani.

Msomaji wa Nakano
Nashangaa kwamba ulinganisho mzima unazunguka manyoya, mabawa na marinda, ilhali mkahawa wa kipekee kuliko yote katika mji huu hauna hata kimojawapo. Nendeni Lion, Shibuya. Ulianzishwa mwaka 1926, ukajengwa upya mwaka 1950 baada ya vita, na viti vyake vimepangwa kuelekea ukuta wa spika kubwa za mbao zilizokwenda juu hadi ghorofa ya pili, kana kwamba watu wamekuja ibadani. Huzungumzi, hupigi picha. Unaagiza kahawa na kusikiliza muziki wa kale wa Ulaya kutoka kwenye santuri, na hakuna anayekusumbua.

Na mwenye kazi ya kuandika iliyomchelewesha, upo mkahawa wa waandishi kule Koenji, uliofunguliwa mwaka 2022. Mlangoni unaandika umekuja kumaliza nini na saa ngapi utakuwa umemaliza, kisha mwenye mkahawa hupita kukuuliza umefikia wapi. Ukitaka, atasimama nyuma yako kimya. Ulipofunguliwa ulitoza yeni 130 kwa nusu saa ya kwanza na yeni 300 kwa kila saa iliyofuata. Niambieni ni bundi gani atakayeshinda hapo.

Kipanga
Msomaji, mtu ana wageni, wewe unampeleka mahali ambapo hawaruhusiwi kusema naye?

Mkaazi wa Chiba
Nawashukuru nyote. Maelezo mliyoyataka ni haya. Wageni ni mama mkwe wangu na mjukuu wake wa miaka tisa. Mke wangu atakuwa kazini siku hiyo, hivyo nitakuwa nao peke yangu, siku ya Jumatano. Mama ni Mwislamu, na magoti yanamsumbua. Nimetenga yeni 6,000 kwa watu watatu, nauli mbali.

Salim wa Saitama
Mama mkwe! Ndugu yangu, ulikuwa unapanga kuketi na mama mkwe mahali ambapo msichana wa miaka ishirini anakupigia goti na kukuita bwana wake?

Mzee wa Yokohama
Enzi zetu mtu alipisha njia akimwona mkwewe anakuja. Huyu anataka kuimba naye dua ya kuutia wali utamu.

Bi Mwanaisha
Mwacheni, amekwisha kusikia. Tuzungumzie chakula. Huo wali wa yai kwa kawaida huwa na kuku ambaye hakuchinjwa kwa taratibu za Kiislamu, michuzi mingi hutengenezwa kwa mchanganyiko wenye nguruwe, na peremende na vitindamlo huweza kuwa na jelatini. Popote mtakapokwenda, mama anywe chai au juisi, chakula mle kwingine.

Kwa upande wa paka, mama hatakuwa na kizuizi cha dini. Ila mtavua viatu, na katika mikahawa mingi watu huketi sakafuni au juu ya mito, jambo ambalo magoti yake hayatalipenda. Tafuteni wenye viti. Ningechagua ule unaotunza paka waliookolewa, ambao huweza kuchukuliwa na familia za kuwalea. Mjukuu aelezwe mapema kwamba paka habebwi na aliyelala haamshwi. Na msishangae kuona imejaa wenyeji: nyumba nyingi za kupanga hapa zinakataza wanyama, ndiyo maana jambo lililoanzia Taipei mwaka 1998 lilishika mizizi upesi baada ya kufika Osaka mwaka 2004.

Mzee wa Yokohama
Kwa mtoto wa miaka tisa mimi ningependekeza mkahawa wa DAWN, mtaa wa Nihonbashi hapa Tokyo, uliofunguliwa mwaka 2021. Wahudumu ni roboti ziitwazo OriHime, lakini si mashine zinazojiendesha. Kila moja inaendeshwa kwa mbali na mtu ambaye ulemavu au maradhi yamemzuia kutoka nyumbani, wengine hata kitandani, naye huzungumza na mteja kupitia roboti hiyo. Viti vipo, paka hayupo, na mama mkwe atakuwa na wa kuzungumza naye, mradi lugha ipatikane.

Tausi
Mtoto wa miaka tisa atataka Pokémon Cafe, mkahawa wa wale vikaragosi wa michezo na katuni za Pokémon, nayo iko Nihonbashi hiyohiyo. Nafasi hufunguliwa mtandaoni siku 31 kabla, saa kumi na mbili jioni, nazo huisha haraka sana. Mtu akisubiri uamuzi wa jamvi hatapata kitu.

Salim wa Saitama
Kwa kuwa konkafe zimetajwa: mdogo wangu ni mwanafunzi, ameahidiwa kuosha vyombo katika mojawapo, jikoni tu, hataonana na wateja. Ana kile kibali cha mwanafunzi wa kigeni kufanya kazi hadi saa 28 kwa wiki. Kuna tatizo?

Bi Mwanaisha
Lipo, na ni kubwa. Ikiwa nyumba hiyo ina leseni ya biashara za burudani za usiku, mwanafunzi haruhusiwi kufanya kazi humo hata ya kuosha vyombo au kufagia, na saa 28 hazimsaidii. Aulize leseni kwanza.

Salim wa Saitama
Nitamwambia. Ameambiwa sare ya jikoni ni ya marinda pia.

Mkaazi wa Chiba
Nimefungua ukurasa wa DAWN na kurasa za mikahawa miwili ya paka iliyo karibu na kituo. Mke wangu anasema mama hupenda paka, mtoto naye anasema roboti, na Pokémon ya Jumatano imekwisha kujaa. Msomaji wa Nakano, huko Lion mtoto anaruhusiwa?