"HONGERA" ya nini wakati nyimbo zangu zote hazichezi???

Wakuu habari zenu, mimi sina amani. Sitaitaja jina maana kila mtu humu anaijua, ile ile programu ya muziki, mnajua kabisa naongelea ipi. Nimenunua Mac, kompyuta ya zamani ni Windows, nikasema leo nahamisha muziki wangu. Nyimbo 11,400. Nimeanza kuzikusanya 2009 mimi, sio jana. Nikaiformati diski ya nje exFAT ili mashine zote mbili ziisome na kuiandika, nikakopi folda nzima pamoja na faili la maktaba, nikafuata maelekezo yao neno kwa neno, nikakaa saa 6 nzima naangalia mstari unajaa kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

Mstari ukajaa. Ikaniandikia HONGERA! MAKTABA YAKO IMEHAMISHWA.

Na chini ya hiyo hongera, chini yake kabisa, skrini hiyo hiyo, kila wimbo una alama ya mshangao. Kila mmoja. Nabofya wa kwanza, faili halikupatikana, je ungependa kulitafuta? Wa pili, je ungependa kulitafuta? Yaani nikalitafute moja moja mara 11,400, wajukuu zangu ndio watamalizia hiyo kazi. Na faili LIPO, lipo kwenye diski, naliona kwa macho yangu, ila lenyewe limekariri C:\Users\ mpaka mwisho na kwenye Mac hakuna C wala hiyo mistari iliyolalia nyuma. Umeshajua kwamba niko kwenye Mac, umeniwekea mpaka vitufe vya Mac, halafu wimbo unautafuta kwenye C??

Basi nikafuta, nikaburuta folda upya. Nyimbo zikaingia zinacheza. Nikatazama tarehe ya kuongezwa. LEO. Zote leo. Idadi ya kusikilizwa sifuri, nyota hakuna, pleilisti 63 hakuna hata moja. Mimi nilikuwa napanga kwa tarehe, nashuka chini najua hizi niliziweka wiki mtoto wangu alipozaliwa, hizi kipindi nafanya kazi za usiku. Sasa maisha yangu yote yametokea leo saa 10 jioni. Halafu inaniambia hongera. Hongera ya nini??

kichwa_ngumu: Hukufanya bakap?

Mwenye uzi: BAKAP NINAYO. Nyimbo zote ninazo, soma uzi. Sijapoteza nyimbo, nimepoteza kumbukumbu. Na hiyo hongera sijaisahau.

mdau_wa_kona: Mtu mzima unalia kwa sababu ya tarehe 😂😂😂 aisee

bi_kasuku: Saa 6 unaangalia mstari mkuu, si ungeenda hata kulala 😂 hongera lakini

fundi_wa_usiku: Pole mkuu, msimcheke, hili ni kweli. Jina la wimbo, msanii na albamu vimeandikwa ndani ya faili lenyewe, kwenye tagi, ndio maana vimefika salama. Ila tarehe ya kuongezwa, idadi ya kusikilizwa na pleilisti viko kwenye hifadhidata ya programu, ukiburuta folda vinabaki kule. Usifute kompyuta ya zamani! Toa maktaba kwa XML, yaani faili la maandishi, tengeneza kopi yake, ifungue kwa programu ya kawaida ya maandishi, kila palipo C:/Users/ na jina lako badilisha kwa mpigo mmoja uweke njia ya Mac. Humo nafasi kati ya maneno imeandikwa %20, usiiguse. Halafu ingiza hiyo kopi. Mimi pleilisti zilirudi.

Mwenye uzi: Asante mkuu, wewe ndio mtu. Kompyuta ya zamani bado ipo nitajaribu. Ila nauliza, kubadilisha neno moja kwa lingine ndio kitu kilichowashinda hao mpaka nikifanye mimi kwa mkono? Nafasi ya kuandika hongera waliipata.

panya_wa_waya: Wewe una nafuu. Mimi nina wasanii wenye é kwenye majina. Windows inaandika é kama herufi moja, Mac yangu ya zamani ilikuwa inaitenganisha, e peke yake na kialama peke yake. Kwa macho ni kitu kimoja, kwa kompyuta ni majina mawili. Nikasawazisha diski mara ya pili, folda za hao wasanii zikawa mbili mbili. Nilitumia wikendi nzima kufuta mapacha.

pengwini_mweusi: Njooni Linux mpumzike

kiberenge: Linux ipi? Mimi nilitoka huko kwenda Windows nikakoma. Linux inakubali folda "Live" na "live" zikae pamoja kama majirani, Windows inaona ni moja tu, albamu mbili zikachanganyika. Na kila wimbo wenye alama ya kuuliza kwenye jina la faili uligoma kukopika. Nusu ya nyimbo za mapenzi zinauliza swali!

pengwini_mweusi: Hilo ni kosa la Windows sasa

kiberenge: Ni kosa la aliyenishauri nianze na Linux

mdau_wa_kona: Nani bado anatunza mafaili? Sikiliza mtandaoni yaishe

bi_kasuku: Mpaka siku albamu unayoipenda iondolewe usiku bila kukuaga. Mimi imenikuta mara mbili. Faili langu haliondoki.

panya_wa_waya: Sema na wewe bi kasuku, faili lenyewe liwe FLAC isiyokata kitu kwenye sauti, sio hizo MP3 zenu zinazokata

kiberenge: MP3 ya kilobiti 320 kwa sekunde inatosha, hakuna sikio humu linalotofautisha

panya_wa_waya: Lako labda

Mwenye uzi: Jamani nimejaribu ya fundi, pleilisti 41 zimerudi kati ya 63, hizo 22 zimeenda wapi? Fundi upo? Na imeniandikia hongera TENA

mdau_wa_kona: Kiberenge yuko sahihi, 320 ndio mwisho wa MP3 na inatosha sana

sikio_la_tembo: Mimi siingii kwenye huo ugomvi, mwaka jana niligeuza MP3 zangu zote kuwa FLAC ili ziwe safi

panya_wa_waya: Uligeuza MP3 kuwa FLAC???

fundi_wa_usiku: Mkuu kilichokatwa kwenye MP3 hakirudi, umeongeza ukubwa wa faili tu. Niambie zile MP3 bado unazo

sikio_la_tembo: Diski ilikuwa inajaa, nikazifuta