Kwanini amani ya 1919 iligoma ila ile ya 1945 ikashika?

msomaji_usiku: Wadau naomba kueleweshwa. Vita ya kwanza ilipoisha wakubwa wakakaa wakaunda Shirikisho la Mataifa, miaka 20 tu dunia ikawaka tena. 1945 wakaunda UN na mpaka leo ipo japo kila siku tunailalamikia. Walipata akili au?

Kabwela: Akili sio sana mkuu, ni nani alikuwa mezani. Mkataba wa Versailles wa 1919 Mjerumani hakushirikishwa, aliletewa karatasi tu asaini, 1921 akapigwa bili ya marki za dhahabu bilioni 132. Mrusi hakualikwa kabisa. Na kichekesho, Rais Wilson ndo alilipigia debe hilo shirikisho halafu seneti yake mwenyewe ikagoma, Marekani haikuingia. 1933 Japani na Ujerumani nao wakajitoa, sasa hapo unamtisha nani? Linganisha na mkutano wa amani wa Vienna 1815 baada ya vita vya Napoleon, Ufaransa imepigwa lakini waziri wake wa mambo ya nje, Talleyrand, yuko ndani anajadiliana na waliompiga, kufika 1818 wakamkubali kama mkubwa mwenzao.

mzee_wa_ramani: Naongezea, safari ya pili hawakusubiri vita iishe. Mkutano wa Bretton Woods kule Marekani ni Julai 1944, nchi 44 zinapanga IMF na Benki ya Dunia huku Hitler bado anapigana. Halafu kwenye mkutano wa Yalta Februari 1945 Marekani, Uingereza na Urusi ya Stalin wakamalizana kuhusu veto, yani haki ya mkubwa mmoja kuzuia uamuzi wa Baraza la Usalama la UN. Watu wanaitukana sana veto ila bila hiyo sioni Stalin akiingia, na seneti ya Marekani nayo ingeleta yale yale ya Wilson.

msomaji_usiku: Sawa nimekupata, ila si wabadilishe sasa? Dunia sio ya 1945.

Kabwela: Wabadilishe nani 😂 kifungu cha 108 cha mkataba wa UN kinataka theluthi mbili ya wanachama na wale watano wa kudumu wenye veto (Marekani, Urusi, China, Uingereza, Ufaransa) WOTE waridhie, yani umuombe mwenye veto akupunguzie veto yake. Baraza la Usalama lilipanuliwa mara moja tu, 1965, kutoka viti 11 kwenda 15, na vyote vilivyoongezwa ni vya kupokezana. Afrika 1945 ilikuwa na wanachama wanne tu, Misri, Ethiopia, Liberia na Afrika Kusini, mgao ulipita wengine wakiwa makoloni.

mzee_wa_ramani: Hata vitu vidogo haviendi. Kifungu cha 53 bado kinataja "nchi adui", yani kina Ujerumani na Japani, ambao leo ni kati ya wachangiaji wakubwa wa bajeti ya UN. 2005 viongozi walikubaliana wayafute hayo maneno, mpaka sasa yapo.