Tupeane uzoefu: bunduki ya babu na risasi nzito

Mjukuu wa Kamalondo
Jambo bapapa na bayaya. Babu alituachia bunduki aina ya Mauser ya 9.3x62 (namba ya kwanza ni unene wa risasi, ya pili urefu wa ganda, kwa milimita), na papa ndiye mwenye karatasi zake (ziko sawa, msianze). Kalibari hiyo aliibuni Otto Bock, fundi bunduki wa Berlin, mwaka 1905, na kichwa chake cha asili, yaani kile kipande kinachoruka, kina gramu 18.5. Msimu huu papa akapata risasi za gramu 15. Akafurahi: nyepesi, basi zina mbio. Tukaenda kuzijaribu kwenye kichuguu, njia ya Kasenga, hatua hamsini. Tatu zote zikatua chini ya alama, kiganja kizima. Papa akanyamaza, akapangusa miwani. Kwenye boksi ya babu zilibaki nzito tano, akapiga mbili. Zikaingia palepale kwenye alama, zimegusana.
Nani yamemkuta haya? Hasa ninyi mliowahi kuona watu wakijaza risasi wenyewe.

Mzee wa Kipushi
Macho ya papa yako ni mazima. Ukifyatua, mtutu unaanza kuinuka risasi ikiwa bado ndani. Nzito inakawia kutoka, inakuta mdomo umeshapanda. Nyepesi imekwisha kwenda zake. Aliyeweka vile vilengeo vya chuma alivipanga kwa ile nzito.
Mimi nilipata nyepesi, zikapiga chini kama zenu, nikachukua tupa nikapunguza kilengeo cha mbele. Zikakaa sawa, nikajiona fundi. Mwaka uliofuata nikarudia nzito. Ngiri kasimama ubavu wazi, risasi ikapita juu ya mgongo. Hakukimbia hata, alinitazama kwanza. Chuma kilichokatwa hakioti, mwanangu. Weka tupa mbali.

Niliyekuwa Limpopo
Nilifanya kazi miaka minne kwenye shamba la uwindaji Afrika Kusini. Bosi alikuwa na 7x57 ya zamani, na jioni alijaza risasi zake mezani, redio imezimwa, hakuna kuongea. Alitumia kichwa cha gramu 11.2, kirefu, pua ya mviringo. Kila ganda alilizungusha chini ya taa, na lenye ufa shingoni alilikanyaga kwa kisigino ili lisirudi mezani kwa bahati mbaya.
Siku moja mgeni wake alijaza mwenyewe. Akachukua kipimo cha baruti cha kichwa chepesi, akakiweka chini ya kile kirefu. Sasa kichwa kirefu kinazama ndani ya ganda, kinakula nafasi, na uzito wenyewe unachelewesha kutoka, kwa hiyo mgandamizo unapanda. Alipopiga, komeo halikufunguka. Bosi aligonga kwa kipande cha ubao mpaka likaachia. Ganda likatoka na fataki, ile ya kuwashia baruti kitakoni, imelala bapa kama sarafu. Mgeni akatetemeka. Bosi akachukua risasi zote zilizobaki, akazifungua moja moja, akamwaga baruti.
Aliitukuza sana hiyo 7x57 kwa sababu mwindaji wa zamani, W.D.M. Bell, aliua nayo mamia ya tembo. Kweli, lakini Bell alitumia risasi za koti zima, zile za ganda gumu la chuma zisizotanuka, na alijua ubongo wa tembo ulipo kutoka kila upande. Msijaribu.

Mwana Katuba
Nami nina swali. Bunduki ya mjomba wangu imeandikwa 8x57 tu. Naweza kutumia yoyote ya 8?

Mzee wa Kipushi
Hapana! Mitutu ya kwanza ya 1888 ni myembamba kidogo kuliko ile iliyokuja baada ya mabadiliko ya 1905. Risasi nene kwenye mtutu mwembamba ni hatari. Fundi aupime kwanza, usiamini maandishi peke yake.

Yaya wa Ruashi
Mimi sijui kulenga, najua kukata nyama. Pongo aliyepigwa kwa risasi ya mbio, bega zima linakuwa damu iliyoganda, nalitupia mbwa. Wa risasi nzito ya polepole, nakata mpaka karibu na tundu. Kwa bukari (ugali) ya watu tisa nyumbani kwangu, najua ninachotaka.

Mjukuu wa Kamalondo
Nimemsomea papa yote. Kuhusu tupa kacheka mpaka akakohoa, kwa sababu alikuwa ameshaitoa kwenye sanduku. Zile nzito tatu amezificha ndani ya kopo la sukari. Mama bado hajui.