Mjadala: Intaneti kupitia nyaya za umeme, hivi watu wa redio amatea walikuwa wakorofi au walikuwa na haki?

Antena Ndefu:
Wakuu, juzi kuna jamaa kaandika kwamba Wamarekani walishapata njia nyepesi ya kufikisha intaneti kila nyumba, kupitia nyaya zilezile za umeme, wenyewe wanaita BPL, halafu mradi ukauliwa na vizee vichache vya redio amatea (watu wenye leseni ya kuongea na wenzao kwa redio zao kama hobi) vilivyoogopa kuharibiwa mchezo wao. Watu wamelaiki wee. Mimi nabisha, tena kwa hoja, tulieni.

Kwanza tuelewane kitu chenyewe. Nyaya za kwenye nguzo zimetengenezwa kubeba umeme wa hezi 60 kule kwao, huku 50. BPL inapandisha juu yake mawimbi ya kuanzia kama megahezi 2 mpaka 80. Sasa waya wa nguzo hauna ganda la kuzuia mawimbi kama kebo ya tivii, uko uchi, umenyooka kilomita na kilomita, ukiutia mawimbi ya redio unageuka antena, utake usitake. Na hapo ndo masafa mafupi yenyewe, ndo wanakaa maamatea kwenye 3.5, 7, 14, 21, 28, ndo ndege zinazovuka bahari zinaongea, meli, majeshi, na ndo wazee wetu walikuwa wanasikilizia BBC na Deutsche Welle usiku. Mtu wa amatea hatafuti stesheni ya jirani, anatafuta mtu mwenye wati 100 na kipande cha waya upande wa pili wa dunia, yaani ni kama kumsikiliza mtu ananong'ona halafu pembeni kuna mtu kawasha mashine ya kusaga.

Sasa njoo kwenye uhuni. Oktoba 2004 FCC, wasimamizi wa mawasiliano kule, yaani ndo TCRA ya kwao, wakapitisha kanuni za BPL, na mwenyekiti wao Michael Powell alikuwa anaipigia debe waziwazi. Mtambo wa BPL hauna leseni ya masafa, na sehemu ya 15 ya kanuni zao inasema kifaa cha namna hiyo kisimsumbue mwenye leseni, na chenyewe kikisumbuliwa kivumilie. Safi kabisa. Shida ikaja kwenye kupima. Kikomo cha kelele kimewekwa kwa umbali wa mita 30, lakini mtaani mita 30 unazipata wapi, kuna nyumba ya mtu, kuna ukuta, kuna mbwa, kwa hiyo unapima karibu halafu unapiga hesabu. FCC wakasema hesabu ni kushusha desibeli 40 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya mawimbi) kila umbali ukizidi mara 10, maana yake mfano ukipima mita 3 unagawa kwa 100, hiyo ndo kelele ya mita 30. ARRL, chama cha maamatea wa Marekani cha tangu 1914, wakasema hapana, waya mrefu kelele yake haipungui kasi hivyo, ni karibu na desibeli 20, yaani gawa kwa 10. Umeona hiyo? Mtambo unaweza kufaulu kwenye karatasi huku mtaani umezidi kikomo mara 10.

Wakapelekana mahakama ya rufaa Washington, Aprili 2008 hukumu ikatoka: FCC ilitegemea tafiti za wataalamu wake wenyewe, halafu ilipozitoa kwa watu ikafunika vipande vyake, na hiyo 40 haikuieleza vya kutosha, rudini mkafanye upya. Hapo mkorofi ni nani?

Fundi wa Mtaa:
Mkuu umeandika vizuri ila unakwepa. Nchi wakati huo ilikuwa na watu karibu milioni 300, amatea laki 6 na ushee. Mtu wa kijijini hana kebo, hana chochote, wewe unatetea mwingine aongee na Mjapani saa nane usiku? Mimi huku nilipo mtandao unapanda unashuka, nguzo ipo mlangoni, leo mtu aje aniambie intaneti inapita humo nitamuuliza redio ya nani? Na msije na ile habari ya amatea kuokoa mawasiliano kwenye majanga, sijui kimbunga Katrina. Kimbunga kikipita umeme umekatika, umeme ukikatika BPL nayo imezima, kelele itoke wapi?

Antena Ndefu:
Swali zuri hilo la Katrina, ila umeangalia upande mmoja tu. 2005 aliyekuwa anaita toka New Orleans kweli hana umeme, yuko na betri, sauti yake dhaifu. Anayetakiwa kumsikia yuko jimbo lingine, na huko taa zinawaka kama kawaida na mtambo nje ya dirisha unanguruma. Kelele inaumiza anayepokea, sio anayetuma.

La kijijini ndo watu wengi wanadanganyika. Mawimbi ya BPL hayavuki transfoma kirahisi, inabidi kila transfoma uwekewe kifaa cha kuizunguka, na kule Marekani transfoma moja inahudumia nyumba chache tu, sio kama Ulaya ambako moja inabeba mtaa mzima. Weka na vya kukuza mawimbi njiani. Nyumba zikiwa mbalimbali gharama inapanda, haishuki. Ndo maana walianzia mjini! Manassas, Virginia, umeme ni wa halmashauri yenyewe, 2005 wakawasha mji mzima, 2010 madiwani wakapiga kura wazime, Julai ikazimwa, wateja walikuwa mamia tu. Maamatea walilalamika sana pale, sikatai, ila kilichoua ni hela, watu walishapata kebo na faiba zenye spidi zaidi.

Mkaazi wa Ruiru:
Lakini ngoja, huku Kenya Power wanakodisha faiba iko kwa nguzo zao, Safaricom wanatumia, na sijaskia redio ya mtu ikilia. Mbona?

Antena Ndefu:
Ndugu hiyo ni mwanga ndani ya kioo, hautoi mawimbi ya redio hata kidogo. Nguzo ile ile, kinachopita ni kingine. Nadhani nusu ya waliolaiki juzi wamechanganya hizo mbili.

Bibi Soketi:
Mimi swali langu dogo, kwani wasingekata tu yale masafa ya amatea waache mengine? Mbona mnagombana kama hamna suluhisho.

Antena Ndefu:
Ilikuwepo dada! HomePlug, umoja wa kampuni za vifaa vya intaneti ya nyaya za umeme, walikaa na ARRL wakayaruka masafa ya amatea tangu kwenye kutengeneza, na kampuni ya Current iliyokuwa Cincinnati ikatumia hiyo, malalamiko yakawa machache mno. Ndo maana nasema sio vita ya wazee na maendeleo. FCC wenyewe 2011 wakapandisha kina cha kukata, yaani kiasi cha kushusha kelele kwenye masafa yanayorukwa, toka desibeli 20 hadi 25, ila ile 40 ya hesabu wakaing'ang'ania vilevile.

Fundi wa Mtaa:
Sawa, hiyo ya kufunika kurasa siitetei, ni uhuni. Ila bado. Wamekata masafa ya wenye chama na mawakili. Mzee mwenye redio yake ya mkulima anayesikiliza masafa mafupi, yeye nani alimsemea?

Antena Ndefu:
Hakuna. Alibaki na kelele yake. Kwa hiyo siku ikija huku mimi sitaki kuambiwa kampuni imejipima yenyewe, nataka TCRA, na CA kule Kenya, waende na mashine mtaani wapime kwenye mita 30 halisi kila panapowezekana, na karatasi zitoke zote.

Mkaazi wa Ruiru:
Na hizi adapta za kuchomeka kwa ukuta, za kupeleka intaneti chumba kingine kwa waya wa stima ya nyumba? Niko nazo mbili. Nitajuaje kama zinasumbua?

Antena Ndefu:
Ni ukoo uleule ila ndogo. Chukua redio ya betri yenye masafa mafupi, zungusha taratibu adapta zikiwa zimewaka na kuna mtu anadownload kitu kikubwa, halafu zichomoe usikilize tofauti. Usijaribu na FM, FM inaanzia 88 huko, utasema zipo kimya.

Mkaazi wa Ruiru:
Redio ya SW nitatoa wapi mwaka huu bana 😂 nitauliza baba.