IST ya Japani: ekspanda, redio ya Bluetooth au Android? Nafunga mwenyewe

Mwana_Mbagala
Wakuu, habari za saa hizi. Nina Toyota IST ya 2004, redio ni ileile iliyotoka nayo Japani. Inaongea Kijapani mwanzo mwisho na haivuki 90 kwenye FM. Clouds ya 88.5 naipata, juu ya hapo kimya. Nimezunguka Kariakoo nikaona njia tatu: ekspanda ya kuchomeka kwenye antena, redio ya kawaida yenye Bluetooth, au redio ya Android yenye skrini ya inchi 7. Fundi kanitajia hela ya kufunga nikacheka tu. Bisibisi ninayo, testa ninayo. Nichukue ipi?

Fundi_Nyaya
Ekspanda uielewe kwanza. Redio yako inasoma 76 hadi 90, stesheni zetu ziko kati ya 87.5 na 108. Kile kidude kinashusha namba tu. Kikiwa cha 15, stesheni ya 100 utaisikia kwenye 85. Ya 106 inaangukia 91, nje ya redio, umeikosa. Uzuri wake ni dakika kumi na hukati waya hata mmoja. Nilimfungia mama, mpaka leo akitaka stesheni yake anapiga hesabu ya kutoa kwanza.

BintiTanga
Mimi ninayo Android. Ramani na kamera ya nyuma zimenisaidia sana, siwezi kusema uongo. Ila fundi wa kwanza alisokota waya wa njano na nyekundu za redio pamoja, akazipeleka kwenye umeme wa moja kwa moja wa betri, "ili dada usikilize hata bila ufunguo". Nikawa nazima skrini kwa kitufe, kumbe ndani bado iko macho. Jumatatu asubuhi gari haliwaki. Nililaumu betri, nikanunua mpya, nayo ikalala vilevile.

Fundi_Nyaya
Hapo ndipo wengi wanaumia. Njano ni umeme wa kudumu, unatunza kumbukumbu. Nyekundu unapata umeme ufunguo ukizungushwa. Ukizibadilisha nafasi, kila asubuhi stesheni zimefutika. Mwana_Mbagala, usikate soketi za gari! Nyuma ya redio ya Toyota kuna mbili, ya pini 10 na ya pini 6. Nunua waya wa adapta unaoingia humo, kisha uunganishe rangi kwa rangi upande wa redio mpya. Nyeupe na kijivu ni spika za mbele, kijani na zambarau za nyuma, wenye mstari mweusi ni hasi. Spika moja ikigeuzwa hasi na chanya itaimba, lakini besi inapotea na hutajua kwa nini. Na kabla ya yote, toa hasi ya betri.

Dereva_Mombasa
Mimi ni mtu wa kitufe cha kuzungusha. Kwenye barabara yenye mashimo, kutafuta sauti kwa kidole kwenye kioo ni kazi. Android ya bei rahisi pia huchukua muda kuamka, washafika Changamwe ndio inaanza kuimba. Halafu msidanganywe na "50W x 4" ya kwenye boksi. Angalia fyuzi ya nyuma: ikiwa ni ya ampea 10, mara volti 14 ni wati 140 zote kwa jumla, na karibu nusu inaishia kuwa joto. Kila spika haipati hata 20. Pesa iliyobaki weka kwenye spika za milango ya mbele, zile za karatasi za tangu 2004 zimechoka.

BintiTanga
Pima na upana. Redio nyingi za Toyota ya Japani ni milimita 200, za kawaida ni 178. Usipochukua vile vipande vya pembeni utabaki na mianya miwili kwenye deshibodi.

Mwana_Mbagala
Mrejesho wakuu. Nimechukua ya Bluetooth, nikaongeza na ampli ndogo (ya kukuza sauti) chini ya kiti. Inaimba, ila kuna mlio "wiiii" unaopanda nikikanyaga mafuta.

Fundi_Nyaya
Waya wa ethi, ule wa hasi unaoshikwa kwenye chuma cha gari, umeufunga wapi? Na kebo za sauti umezipitisha upande gani?

Mwana_Mbagala
Ethi kwenye bolti ya kiti. Kebo zote nimezifunga pamoja na waya wa betri kwa tepu, zikae nadhifu.

Fundi_Nyaya
Unadhifu huo ndio unaolia. Sauti ipite kulia, umeme kushoto. Ethi iwe fupi, kwangua rangi mpaka uone chuma cheupe. Na fyuzi ya waya wa ampli ikae karibu na betri, kama sentimita 45 hivi, isikae chini ya kiti. Waya ukichunika njiani bila fyuzi, gari linaungua.

Mwana_Mbagala
Nimekwangua na kuhamisha kebo, mlio umekwisha. Fyuzi ilikuwa chini ya kiti kweli, nimeihamisha leo asubuhi.

Dereva_Mombasa
Hiyo ya Kijapani umeitupa? Mzee wangu yuko Dar na Vitz, redio yake imekufa. Anasikiliza 88.5 tu.