Shirika limetupa nusu ya ushahidi wetu wa pesa za PDM, na bado linajiita mtetezi wa utawala bora

Wandugu, nimekaa na jambo hili wiki mbili nikidhani hasira itapoa. Haijapoa.

Mwaka jana shirika moja lenye makao Kampala lilinichukua kuwa mkalimani huku kwetu Arua. Kazi ilikuwa kuzunguka parishi tatu (parishi kwetu ni eneo dogo la utawala lenye vijiji kadhaa) na kusikiliza watu kuhusu pesa za PDM. Kwa walio nje ya Uganda: PDM (Parish Development Model) ni mpango wa serikali wa kuwakopesha watu mitaji, ulizinduliwa Kibuku Februari 2022, kwa kawaida parishi inatengewa shilingi milioni 100 kwa mwaka kupitia SACCO yake, yaani chama cha akiba na mikopo, na aliyechaguliwa anakopeshwa milioni 1. Kwa mkulima wa muhogo hizo ni pesa nyingi mno. Ndiyo maana watu walikuwa na mengi ya kusema, na waliyasema, kwa Kilugbara na kwa Kiswahili, mimi nikitafsiri huku naandika kwenye daftari langu.

Parishi ya kwanza, viongozi wa SACCO, wote watu wa chama tawala, walidai elfu mia moja kabla jina halijaingia kwenye orodha. Parishi ya pili, diwani wa upinzani, yuleyule anayelaani wezi kwenye kila msiba, alidai kiasi kilekile. Ya tatu, chifu wa parishi, ambaye ni mtumishi wa serikali, alibandika majina ukutani na kuyasoma kwa sauti mbele ya watu, na hakuna hata mmoja aliyemlalamikia. Tulirudi kuuliza mara ya pili kwa sababu hatukuamini.

Ripoti imetoka. Parishi ya kwanza imo, tena na picha. Ya pili haimo. Ya tatu haimo. Na utangulizi unasema utafiti ulifanyika katika parishi tatu!

Nilimpigia simu afisa aliyenipa kazi. Akasema habari ya diwani ingevuruga ujumbe, na ya yule chifu ingeipa serikali sifa wakati wao wanadai mageuzi. Ujumbe wa nani, ndugu yangu? Kama mlikwisha kuuandika Kampala, mlikuja kutafuta nini kwa watu wetu?

Kuna bibi mmoja wa parishi ya pili, simtaji jina wala kijiji. Alitoa ushahidi huku anatetemeka, maana diwani ni jirani yake. Mimi ndiye niliyemwapia kwamba maneno yake yatafika, si yule afisa. Juzi sokoni alinishika mkono: "Mwanangu, yale maneno yetu mliyapeleka wapi?" Nilikosa jibu. Diwani bado anakusanya.

Na msije hapa kusema natumiwa na serikali. Agosti 2021 idara ya serikali inayosimamia NGO iliposimamisha mashirika 54 kwa mpigo, nililaani. Mapema mwaka huohuo Rais alipoamuru mfuko wa DGF usimamishwe, mfuko uliokuwa unalipia kazi nyingi za haki na utawala nchini, nililaani pia. Sheria ya NGO ya 2016 ina maneno mapana kuhusu "maslahi ya Uganda" ambayo mkubwa yeyote anaweza kuyavuta anakotaka, na nimeyapinga miaka yote. Lakini sheria hiyohiyo inataka shirika lisiegemee chama chochote, na hapo ninyi wa shirika mmeipa serikali kamba ya kuwafungia. Kesho ofisa wa serikali wa gombolola, ngazi iliyo juu ya parishi, akisimama na kusema ripoti hii ni ya upande mmoja, nitambishia vipi? Atakuwa amesema kweli. Na kwa kweli hiyo moja atautupilia mbali ushahidi wa parishi ya kwanza, ambao hauna hata neno moja la uongo. Wale waliotozwa elfu mia wataitwa waongo kwa kosa lenu.

Sisemi mpunguze ukali. Wa chama tawala wameshika dola, kwa hiyo wabanwe zaidi, sawa kabisa. Ila aliyeibiwa na mpinzani kaibiwa vilevile, na chifu aliyefanya kazi yake ndiye ushahidi wetu mkubwa kwamba jambo hili linawezekana bila rushwa. Mmetupa silaha yetu bora. (Tena ripoti yote ni Kiingereza. Waliohojiwa hata wakiishika mkononi hawataweza kuisoma.)

Nimeandika barua mbili, hazijajibiwa. Nataka parishi zote tatu zirudishwe kwenye ripoti, na muhtasari utoke kwa Kilugbara na Kiswahili. Daftari zangu ninazo. Mwezi huu ukiisha kimya, nitakwenda kwa yule bibi na wenzake, ndani, mlango umefungwa, niwasomee walichosema kisha kilichochapishwa.

Mliofanya kazi kama hii Gulu, Mbale, Kasese, kwenu yalishatokea? Mlifanyaje?