AR-15 inahama shabaha kila nikizunguka nayo kwenye pikapu: kilengeo gani kinavumilia? (Bajeti dola 500)

Mchaga_Navasota

Wakuu salaam. Niko Texas, juu kidogo ya Houston, mwaka wa sita sasa. Juzijuzi nimechukua AR-15, bunduki yangu ya kwanza maishani: risasi za milimita 5.56, mtutu wa inchi 16. Nina grinikadi, fomu za dukani nilijaza zote, kwa hiyo tusianzie huko.

Sababu ni nguruwe pori. Kuna mzee mmoja Mmarekani ninamsaidia kufunga marobota ya nyasi. Ana ekari 90, na hao wanyama wanamfukulia malisho usiku, asubuhi unadhani trekta limepita. Amenipa ruhusa, na tangu Septemba 2019 Texas haidai leseni ya kuwawinda kwenye ardhi ya mtu binafsi akikubali mwenyewe.

Shida yangu iko hapa. Niliagiza mtandaoni kilengeo cha nukta nyekundu (kioo chenye nukta ya mwanga unayoiweka juu ya shabaha) kwa dola 39. Siku ya kwanza safi, risasi tano zinafunikwa na kiganja kwenye yadi 50. Siku ya pili, baada ya kuzunguka shamba na bunduki ikiwa kwenye pikapu, zinapiga kushoto karibu futi nzima. Nikarekebisha, ikakubali, ikahama tena. Wiki iliyopita mvua imenyesha, kioo kimeingia ukungu kwa ndani.

Ninachowinda kiko yadi 20 hadi 120, jioni au alfajiri. Ninunue nukta nyekundu ya maana au darubini? Na vikorokoro vingine kipi cha lazima: tochi, mkanda, mshikio wa mbele, miguu miwili? Muuzaji dukani amenitajia vitu vya dola 1,400, nikamwambia naenda kwenye gari kuchukua pochi, sikurudi. Nawasilisha.

---

Kijinga_cha_Moto

Dola 39? Mkuu, hicho kimetengenezewa bunduki za kuchezea zinazorusha vidonge vya plastiki. Nenda kasome maelezo kule ulikoagiza, chini kabisa kwa maandishi ya sisimizi.

---

Dereva_wa_Masafa

Mchaga, hicho kitu kitupe, lakini si leo. Leo chukua bisibisi ujaribu skurubu za chini zinazokibana kwenye reli, ule ukanda wa chuma wenye meno juu ya bunduki. Naweka dau zimelegea.

Mimi ni dereva wa malori, miaka 17, minne ya mwanzo Dar–Tunduma, mingine yote huku. Ukipita jirani na lori, tazama nati za magurudumu. Utaona vishale vya plastiki vya njano vinatazamana viwili viwili. Nati ikilegea, kishale kinageuka pembeni, na dereva anaona kwa macho kabla hajashika spana. Bunduki yangu nimeifanya vivyo hivyo. Kila skurubu iliyoshika kilengeo nimeichora mstari mwembamba wa rangi nyeupe, unaanzia kwenye kichwa cha skurubu unaishia kwenye chuma cha pembeni. Mstari ukikatika katikati, najua skurubu imetembea, hata risasi moja sijapiga.

Hilo nililinunua kwa risasi nyingi. Mwaka wangu wa kwanza nilimaliza masanduku matatu nikizungusha kifundo cha kushoto-kulia, naona shabaha inarudi, najisifu, kesho imehama. Kumbe kilengeo hakikuwa na kosa lolote, kizima kilikuwa kinacheza kwenye reli. Mtu anatoa dola 450 za kilengeo halafu anakifungia kwenye kitako (kile kipande cha chini kinachoshika reli) cha dola 15. Ni sawa na tairi jipya kwenye rimu iliyopasuka.

Kwa hiyo kufunga ni hivi. Reli ya juu ya AR ni ya kipimo cha Picatinny, ina mifereji ya kukatisha. Weka kilengeo kwenye mwili wa bunduki, kisipande hata kidogo kwenye ile reli inayofunika mtutu, maana ya mbele hupata joto na hujipinda kidogo ukiiegemeza. Kabla ya kukaza, kisukume chote mbele, kuelekea mdomo wa mtutu, mpaka jino la chini liegemee ukuta wa mfereji. Bunduki ikirudi nyuma kwa mshindo, kilengeo kinataka kubaki palepale, yaani kinakwenda mbele. Kama tayari kimeegemea, hakina pa kwenda. Skurubu zioshe mafuta kwa spiriti, zikauke, weka tone la ile gundi ya bluu ya nati (ya bluu, si nyekundu, nyekundu utaitafutia moto kuifungua), kisha kaza kwa bisibisi yenye kipimo, ile inayolia "tak" ikifika. Namba iko kwenye karatasi ya kilengeo. Usikaze kwa hasira. Pete za darubini mara nyingi ni 15 hadi 18 za pauni-inchi tu (kipimo cha nguvu ya kukaza), ukizidisha unaliminya bomba.

Sasa kununua. Kwa yadi 20 hadi 120 na nguruwe wanaokimbia, nukta nyekundu inakutosha kabisa. Zitafute zenye nukta ya MOA 2, maana yake inafunika kama inchi mbili kwenye yadi 100. Za MOA 4 zinafunika sikio zima la nguruwe. Mimi ninayo Aimpoint PRO, Waswidi hao, ndio walioleta nukta nyekundu sokoni mwaka 1975, na jeshi la Marekani linatumia ndugu zake kwa jina la M68. Betri moja saa 30,000, unaiacha inawaka miaka mitatu. Ni nzito na ina sura ya kopo la maziwa, lakini nimeiangusha kwenye ngazi ya lori haikuhama. Hiyo itakula karibu bajeti yako yote. Ukitaka kubakiza hela ya risasi, Holosun 403 au Sig Romeo5 zitakutosha, zote zinatumia betri ya sarafu ya CR2032. Romeo5 inajizima ukiiacha, ukiigusa tu inaamka.

Betri hizo za sarafu, kuna jambo la kijinga lakini linaudhi. Siku hizi baadhi wanazipaka dawa chungu ili watoto wasizimeze. Jambo jema, ila dawa ile kwenye vifaa vingine inazuia umeme usipite vizuri. Kilengeo kikiwaka na kuzima bila sababu, badilisha aina ya betri kabla hujakirudisha dukani. Na mimi nabadilisha kila siku yangu ya kuzaliwa, iwe imeisha au haijaisha.

Acog, darubini fupi za Trijicon, utazisikia sana, nyingi hazina betri, usiku zinawaka kwa tritiamu, gesi ya mionzi. Ngumu kweli. Lakini tritiamu inapungua nusu kila miaka 12 na ushee, kwa hiyo ukiona ya mtumba bei poa uliza mwaka iliotengenezwa.

Vikorokoro: mkanda wa sehemu mbili, wa nailoni, unaorefushwa kwa mkono mmoja. Huo ni wa kwanza kabla ya kitu chochote, kwa sababu ukifika kumvuta nguruwe kwa miguu unahitaji mikono yote miwili na bunduki isiwe chini kwenye matope. Tochi ndiyo, ya kampuni inayoeleweka, Streamlight kwa mfano. Vilengeo vya kukunja vya akiba, weka vya plastiki vya Magpul, ila cha mbele kifunge kwenye reli, si juu ya kitoa gesi (kile kipande kilichobana mtutu kinachopitisha gesi ya risasi), joto litakiyeyusha. Mshikio wa mbele na miguu miwili, acha. Utabeba uzito bure.

Halafu ukirekebisha shabaha kwa yadi 50, 5.56 itakupigia karibu palepale mpaka kama yadi 200. Ila kumbuka kilengeo kiko juu ya mtutu zaidi ya inchi mbili. Nguruwe akikutokea yadi 10 risasi itapiga chini ya nukta inchi mbili hivi. Nilimkosa mmoja mkubwa kwa hilo, kasimama karibu kama meza ya jirani, ananitazama.

---

Nesi_wa_Baridi

Samahani naingilia, mimi si mwindaji, mume wangu ndiye, lakini napiga naye shabaha hapa Minnesota. Hakuna aliyemuuliza Mchaga kuhusu macho yake.

Mimi nina astigmatizimu, yaani kioo cha jicho hakina mviringo sawa. Nukta ile kwangu si nukta, ni pweza mwenye mikono mitano. Tulirudisha vilengeo viwili dukani tukidhani vibovu, mara ya tatu muuzaji akaniambia: washa kamera ya simu, tazama nukta kupitia kamera. Ikawa duara safi. Kumbe mbovu ni jicho langu. Jaribu hilo kabla ya kutoa hela. Ikiwa ni jicho, punguza mwanga kwanza, na isipotosha tafuta kilengeo cha prizimu. Alama yake imechongwa kwenye kioo, haitegemei taa, na nyuma kuna pete unayoizungusha mpaka alama ikae wazi kwa jicho lako. Hata betri ikifa alama nyeusi inabaki. Primary Arms, hao wako hapohapo kwenu Houston, wanayo isiyokuza na ya kukuza mara tatu. Shida yake, jicho lazima likae mahali pake, nukta nyekundu haidai hivyo.

Na baridi isisahaulike kwa wanaosoma uzi huu wakiwa kaskazini. Mwaka 2015 kampuni ya L-3, wenye vilengeo vya EOTech wakati ule, walikubali kuilipa serikali ya Marekani dola milioni 25.6 kumaliza kesi ya vilengeo ambavyo serikali ilidai vinahama shabaha kwenye baridi kali na joto. Vilinunuliwa na jeshi hivyo. Kwa hiyo neno "cha kijeshi" kwenye boksi mimi silisomi. Nasoma kama kimejazwa naitrojeni ndani (ndiyo inayozuia ule ukungu wa Mchaga), na kama ni IPX7, yaani kinakaa kwenye maji ya mita moja nusu saa. Hapo ndipo nafungua pochi.

---

Raskazone_Boy

Elimu tosha hii. Dereva, nina swali dogo: mjomba yuko Handeni, ana raifo yake na kibali, macho yameanza kuchoka. Desemba nashuka bongo. Nikimwekea darubini kwenye begi kuna tatizo?

---

Dereva_wa_Masafa

Raskazone, usithubutu. Darubini ya bunduki, hata peke yake bila bunduki, iko kwenye orodha ya vitu ambavyo Marekani inadhibiti kuvitoa nchini. Kumpelekea mtu mwingine kunahitaji kibali cha Wizara yao ya Biashara, iwe kwa posta, iwe kwenye begi katikati ya vitenge. Na ukifika Dar una forodha na polisi wa kwetu nao wana maswali yao. Mjomba aulize kwa muuzaji wa silaha mwenye leseni hukohuko. Wewe mpelekee miwani ya kusomea.

Nesi, asante, hilo la simu nimelijaribu sasa hivi nikiwa kituo cha mafuta. Kwenye kamera duara, kwangu ina kamkia. Miaka yote hii nalaumu Waswidi.

---

Mchaga_Navasota

Wakuu nimerudi na ripoti, wiki tatu zimepita.

Dereva, dau umelishinda. Kwenye kile cha dola 39 skurubu moja niliizungusha kwa ukucha. Ukucha! Nimekiweka kwenye droo pamoja na aibu yangu. Nimejaribu simu, jicho langu zima, kwa hiyo nimechukua Romeo5, mkanda, tochi, na bisibisi yenye kipimo. Jumla dola 340 na senti. Iliyobaki nimenunua risasi.

Nimesukuma mbele, nimekaza kwa namba ya kwenye karatasi, nikachora mistari kwa rangi ya kucha ya mke wangu. Nyekundu, ndiyo iliyokuwepo. Yadi 50 risasi tano zimekaa ndani ya kizibo cha chupa ya chai, nikarudia kesho yake palepale. Nguruwe mmoja jioni ya Jumamosi, yadi 70, kaanguka alipo. Mzee kafurahi kanipa robota la nyasi, sina hata mbuzi.

Jana nimezunguka na pikapu shamba zima, kama saa mbili, njia ya mashimo. Nimeangalia mistari: wa mbele mzima, wa nyuma umekatika kidogo, kama unene wa uzi. Risasi bado zinaingia palepale. Nikaze tena au niache?

---

Dereva_wa_Masafa

Ulizisafisha skurubu kwa spiriti kabla ya gundi?

---

Mchaga_Navasota

Ya mbele ndiyo. Ya nyuma simu ililia.